Siku Protase Alipokunywa

Siku mbili baada ya Uhuru, Ildefons Rweyemamu alikatwa shingo kwa muhoro, panga lililopinda ncha, kwenye kibanja chake mwenyewe cha migomba, Kashozi, hatua tatu tu kutoka pale alipokuwa mwanawe Protase. Protase alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali ameikunja hadi mapajani, anakanyaga ndizi za pombe zilizochanganywa na majani makavu, maji yake yakimfika vifundoni. Lubisi, pombe ya ndizi iliyotengenezwa kwa ajili ya sherehe, ilikuwa imekwisha yote, na wanaume wa jirani walitaka nyingine. Walikuwa wanakunywa kwa siku ya tatu.

Aliyemkata aliitwa Anatory. Hakuwa adui. Ndiye aliyemsimamia Protase ubatizo, na kila Jumapili baada ya misa aliketi na Ildefons kwenye mkeka mmoja. Siku hiyo waligombana kuhusu nani aanze kupewa kibuyu. Ildefons alisema mwenye kibanja ndiye anayeanza. Anatory akasema amedharauliwa vya kutosha katika nyumba ile, na Ildefons akacheka. Muhoro ulikuwa umechomekwa kwenye shina la mgomba. Protase aliuona ukichomolewa, akaona mkono wa Anatory ukizunguka mara moja kama wa mtu anayeangusha mkungu, na baba yake akaanguka kifudifudi juu ya ukingo wa mtumbwi. Damu ikamwagikia humo ndani, kati ya miguu yake.

Protase aliruka nje. Alimnyang'anya Anatory ule muhoro akampiga nao begani, mfupa ukalia. Aliuinua tena. Mama yake, Kokushubila, alimfikia kwa nyuma, akamng'ata mkono, na hakuachia meno mpaka vidole vilipofunguka na chuma kikaanguka chini. Alama ya meno hayo Protase alikuwa nayo mpaka alipokufa, juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia.

Kesho yake asubuhi Anatory alikuwa amefungwa kwa kamba za mgomba kwenye nguzo ya banda, akisubiri askari. Pombe ilikuwa imemtoka. Aliwauliza waliomlinda ni nani aliyemkata bega. Kisha akaomba wamwite Ildefons aje amfungue. Walipomwambia alichokifanya, alikigonga kichwa chake kwenye nguzo mara nyingi mpaka ikabidi wamfunge na shingo. Protase aliyaona hayo yote. Alisema baadaye kwamba kama yule mtu angejisifu, au hata angemtukana marehemu, yeye angejua la kufanya na chuki yake. Lakini huwezi kumchukia mtu anayekuuliza amefanya nini. Anatory alifia gerezani kabla ya miaka miwili kwisha.

Baada ya maziko Protase alichukua shoka, akaupasua ule mtumbwi wa baba yake. Halafu akaenda kwa jirani akapasua wa kwake, akaenda kwa mwingine. Kwenye kibanja cha nne wanaume walimngoja. Walimpiga kwa mipini ya majembe, wakamvunja mtulinga na mbavu mbili, wakamtupa barabarani. Ndivyo alivyofika Bukoba mjini, amelazwa juu ya magunia ya kahawa nyuma ya lori. Hakurudi tena kuishi Kashozi.

Alipopona alipata kazi ya kuosha chupa kwenye maabara ya hospitali. Mkuu wa maabara alikuwa Muhidini, Mwislamu wa pale pale Bukoba ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani. Muhidini hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini hakuna mtu niliyesikia akiijua kama yeye. Protase alimweleza habari ya baba yake siku moja wakati wanachemsha vyombo, na akamwuliza kilichomo ndani ya kibuyu ni nini hasa, maana alitaka kukijua kama mtu anavyotaka kumjua muuaji.

Muhidini hakumhubiria. Alimwonyesha kwenye darubini tone la maji ya ndizi lililokaa siku mbili, na ndani yake chembe za hamira, mviringo, nyingi kama mchanga. Alimweleza kwamba ndani ya kila chembe mna kitu kidogo zaidi, hakionekani hata kwa darubini, ambacho wasomi wanakiita kimeng'enya. Si mdudu. Ni kama fundi aliyetengenezwa na chembe yenyewe kwa kazi moja tu. Hamira ikikosa hewa hula sukari ya ndizi, na yule fundi hushika mabaki ya sukari hiyo akayageuza kuwa kileo, ndipo hamira inapata kuendelea kuishi. Na wewe, akamwambia, kwenye ini lako una ndugu wa fundi huyohuyo. Yeye anafanya kazi ileile kinyumenyume: anakishika kileo na kukivunja, mwili upate kukichoma. Vinzi vinavyozunguka mtungi wa lubisi navyo vinaye, ndiyo maana watoto wao hukulia ndani ya pombe bila kufa. Farasi anaye, na farasi hajawahi kuonja lubisi.

Protase akauliza kama basi ni huyo kimeng'enya aliyemfanya Anatory ashike muhoro.

"Hapana," Muhidini akasema. "Hicho kinajua kazi yake tu. Muhoro ulishikwa na Anatory."

Mwaka wa sitini na nne waliletwa hospitali wapakuzi wawili wa mizigo wa bandarini. Walikuwa wameiba debe la spiriti ya kuyeyushia vanishi, ile inayoitwa spiriti ya mbao, wakainywa. Mmoja alifika akiwa haoni, anatapika, anajirusha kitandani kwa nguvu hata ikabidi watu wanne wamkalie. Alimpasua Protase mdomo kwa kiwiko. Alikufa huku wamemshika. Wa pili alikuwa bado anasema kwamba mbele ya macho yake pana ukungu mweupe. Daktari wa zamu alileta chupa ya wiski kutoka nyumbani kwake, akaanza kumnywesha. Protase alidhani daktari amerukwa na akili. Muhidini alimvuta pembeni.

"Yule fundi wa kwenye ini hajui kuchagua," alimwambia. "Spiriti ya mbao anaishika kama anavyoshika kileo cha kawaida, lakini anachokitoa humo ni asidi kali, ya namna ile wanayoitema sisimizi. Hiyo ndiyo inayokula macho, kisha inaua. Spiriti yenyewe isipoguswa haina madhara makubwa. Sasa ukimpa vyote viwili, anashika kwanza kile cha kawaida, kwa sababu ndicho anachokipenda zaidi. Ile nyingine inangoja, na mkojo na pumzi vinaitoa polepole."

"Kwa hiyo pombe ni dawa?"

"Leo, kwa huyu, ndiyo."

Yule mpakuzi alipona, akaondoka na macho yake. Protase hakupenda alichokiona. Alikiri hivyo mwenyewe.

Alisomea uganga wa zahanati, akamwoa Klaudia, mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka wa sabini na mbili wakahamishiwa kwetu Kishanda. Tulimwita Daktari ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mkali. Mwanamume aliyefika zahanati akinuka pombe alishonwa kidonda bila ganzi, na watu walijua kwamba ganzi ilikuwepo.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Walioishi mbalimbali juu ya miteremko waliambiwa washuke kwenye mistari ya nyumba bondeni. Kamanda wa mgambo wetu alikuwa Gamaliel, mtu mwenye sauti kubwa na viatu vizuri, na bunduki moja ya kijiji alilala nayo yeye. Wazee waliochelewa kuhama alichoma mapaa yao wakiwa bado wanatoa vyungu. Aliyekosa kufika shamba la kijiji alichapwa mbele ya ofisi kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Protase aliwatibu waliochapwa, mgongo baada ya mgongo, na hakusema neno. Alinyamaza kwa sababu kulikuwa na jambo moja alilokubaliana na Gamaliel kabisa: gongo.

Sheria ilikuwa imepiga marufuku gongo nchi nzima. Kwetu iliyosifika ilikuwa ya Celina, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyekaa pembeni ya kijiji karibu na kijito. Alichemsha lubisi yake taratibu, akaipitisha kwenye mrija wa shaba, na tone la kwanza kabisa hakumpa mtu, alilimwaga. Gamaliel alipofanya msako kwake, mwezi wa Julai mwaka wa sabini na tano, Protase alikwenda pamoja na mgambo ingawa haikuwa kazi yake. Celina aliukumbatia mtungi wake wa mwisho akakataa kuuachia. Protase ndiye aliyeshusha mchi wa kinu juu ya mtungi ule, na mchi ukapita na mkono. Tulisikia mfupa ukivunjika. Alimfunga gango yeye mwenyewe, palepale, bila kumtazama usoni, akaenda zake. Mkono haukunyooka tena.

Kwa kuwa Klaudia alikuwa amesimama mlangoni nilipopita, nakumbuka alivyomwuliza mumewe jioni ile kwa nini ana damu kwenye shati. Alijibu kwamba ni ya mgonjwa.

Gongo iliyokamatwa haikumwagwa. Gamaliel aliiweka kwenye ghala la kijiji na kuiuza kwa siri, na ilipopungua aliiongeza. Mtu mmoja wa kisiwa cha Bumbire, fundi wa mitumbwi, alimpa pipa la spiriti kali ya vanishi, naye Gamaliel akaichanganya humo. Fundi huyo alieleza baadaye kwamba alimwonya si ya kunywa. Gamaliel hakuwahi kupata nafasi ya kueleza upande wake.

Jumamosi moja ya Septemba, baada ya kupalilia shamba la kijiji, wanaume kumi na wanne walinywa mchanganyiko huo nyuma ya ghala. Mmoja wao alikuwa Elieza, mdogo wake Gamaliel, kijana wa miaka ishirini na minne, mpole kuliko kaka yake. Walirudi makwao wakiwa wamelewa kidogo tu.

Jumapili asubuhi, kabla ya saa tatu, wawili walikuwa wamekufa. Mmoja, mkewe alimkuta ameng'ang'ania mguu wa kitanda kwa meno. Wengine wakaanza kuletwa zahanati kwenye machela na migongoni. Walishika matumbo, walipumua haraka kama waliokimbia mlima, na mmoja aliendelea kuuliza ni nani anayechoma majani ndani ya nyumba, kwa sababu kila kitu kilikuwa cheupe. Protase aliposikia neno hilo akaacha alichokuwa anafanya. Aliinama akanusa pumzi ya yule mtu, akamwuliza wamekunywa nini, wapi, lini. Walisema gongo. Hawakusema ya nani.

Alikuwa na kopo moja la magadi ya hospitali, chupa nne za maji ya mshipa, na hakuwa na kingine. Lori la kijiji lilikuwa safarini. Alimtuma mtu kwa baiskeli kwenda kuomba gari la wagonjwa, akijua haliwezi kufika kabla ya kesho. Akawaza, kama alivyonieleza mwenyewe miaka kadhaa baadaye, kwamba katika kijiji kizima chenye nyumba mia mbili kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye gongo yake ilikuwa safi, na mtu huyo alikuwa na mkono uliopinda.

Lakini neno gongo lilikuwa limekwisha kutoka nje ya zahanati, na kwetu gongo lilikuwa jina la Celina. Watu walisema ametia sumu kulipiza mkono wake. Hakuna aliyeuliza angeitiaje. Tulikwenda kwake kama sitini. Nasema tulikwenda kwa sababu nilikuwemo. Nilikuwa na mpini wa jembe, na mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale wawili waliokufa. Tulimkuta anamenya ndizi. Mtu wa kwanza alimpiga teke la mbavu, akaanguka juu ya maganda. Nyumba yake ikatiwa moto. Wanawake wawili walimburuta kwa nywele hadi uani, jiwe likampasua sikio. Mimi nilimpiga mapajani, mara mbili. Sikumpiga mara ya tatu kwa sababu Protase alifika.

Alikuja mbio, koti lake jeupe likiwa na matapishi kifuani. Jiwe lililokusudiwa kwa Celina lilimpata yeye kwenye paji la uso. Alimpiga ngumi mtu aliyekuwa amesimama juu ya Celina, akampiga tena alipokuwa ameshaanguka, kisha akajilaza juu ya yule mama kwa mwili wake wote, na fimbo tatu au nne zikatua mgongoni mwake kabla wenyewe hawajajua wanampiga nani.

"Mkimuua huyu," alisema akiwa bado chini, "mmewaua na wale kumi na wawili. Dawa yao anayo yeye."

Watu wakasimama. Alimwinua Celina akamkalisha. Damu ilikuwa inamtiririka shingoni.

"Mawe," alimwambia, kwa neno ambalo kwetu unamwitia mama yako, "nahitaji gongo yako. Ile safi. Najua siku ile hukuitoa yote."

"Siku ile uliponivunja mkono," Celina akasema.

"Ndiyo. Siku hiyo."

"Sema mbele yao kwamba ni wewe."

"Nilikuvunja mkono mimi, kwa mchi. Hukuwa umenifanyia kitu."

Mtu mmoja nyuma yetu alisema kwamba hiyo dawa ndiyo sumu yenyewe, na watu wakaanza tena kusogea. Celina alitutazama wote, mmoja mmoja. Jicho moja lilikuwa limeanza kufumba.

"Anywe yeye kwanza," alisema. "Anywe hapa, mnamwona. Asipokunywa nimalizeni, kwa maana sitasema iko wapi."

Protase alikubali kwa kichwa. Ilikuwa chini ya banda la mbuzi, mitungi mitatu, imefunikwa kwa ngozi na udongo. Niliichimbua mimi pamoja na mwingine. Celina alimimina kikombe cha bati hadi katikati kwa mkono wake mzima. Protase alikishika kwa mikono miwili. Harufu ilipomfikia nilimwona akigeuza uso, na nikadhani hataweza. Tulikuwa tunajua habari ya baba yake. Klaudia alikuwa amewahi kuwaambia wanawake. Akafumba macho akakinywa chote, akakohoa, akashikilia nguzo ya banda. Machozi yalimtoka, sijui kama ni kwa ukali wake au kwa kitu kingine. Tukangoja. Hakuanguka. Baada ya muda aliifuta midomo, akatuambia tubebe mitungi, na tukaibeba. Mmoja wa wale wanawake waliomburuta Celina kwa nywele ndiye aliyembeba mgongoni.

Zahanati aliwapanga wagonjwa sakafuni. Wenye nafuu aliwapa nusu kikombe kilichochanganywa na maji, kisha vijiko kila saa. Waliotapika aliwapa upya. Wasioweza kumeza aliwapitishia mpira puani. Alikuwa amelewa kidogo mwenyewe. Alijua hivyo, akamwomba Klaudia akague kila kipimo kabla ya kutoka mkononi mwake. Watu wawili waliomba waachwe wafe. Akawafunga mikono kwa bandeji akawanywesha. Mmoja alipata degedege, akavunja taya ya mtu aliyemshika miguu kwa teke moja, kisha akanyamaza kabisa. Huyo tulimtoa nje.

Gamaliel alifika saa nane mchana na bunduki yake na mgambo watatu. Alikuwa anatoka tarafani. Alisimama mlangoni akanusa, akaona mitungi, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba Ndugu Protase anagawa gongo kwenye jengo la serikali na kwamba yuko chini ya ulinzi. Protase alimwambia atakwenda popote kesho. Gamaliel akapiga mtungi mmoja kwa kiatu chake kizuri. Ukapasuka, gongo ikakimbia sakafuni chini ya wagonjwa. Protase alijaribu kuukinga wa pili. Kitako cha bunduki kikamwingia mdomoni. Alitema meno mawili kwenye kiganja, akayatia mfukoni, akarudi kukaa sakafuni pale alipokuwa, kichwa cha Elieza juu ya goti lake, akaokota kijiko.

Ndipo Elieza akasema. Hakuwa anaona tena, lakini alikuwa ameijua sauti.

"Kaka," aliuliza, "ile ya kwenye pipa ulisema umeitoa wapi?"

Elieza akarudia swali, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, akaongeza kwamba ile ya ghalani haikuwa na harufu ya gongo ya Celina, na kwamba alimwambia hivyo jana akaambiwa anywe tu.

Watu waliokuwa madirishani walisikia kila neno. Mgambo watatu waliangaliana. Mmoja wao, ambaye baba yake alikuwa sakafuni mle ndani, aliichukua bunduki kutoka mkononi mwa kamanda wake kama mtu anayepokea mzigo, akatoka nayo. Kisha mikono ikaingia kupitia mlangoni, mingi, ikamshika Gamaliel kola, mkanda, nywele, ikamtoa nje.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ukuta, nimeshika taa ya mafuta ambayo haikuwa imewashwa, sijui kwa nini. Sikumpiga Gamaliel. Sikumzuia mtu pia. Tulisikia fimbo, kisha tukasikia mawe, ambayo sauti yake ni nzito zaidi. Gamaliel alipiga kelele kwanza kwa amri, akiita majina ya watu na kuwatisha. Halafu aliita mara mbili, wazi kabisa, "Daktari. Daktari." Klaudia alisimama. Protase hakusimama. Alikuwa na kijiko mkononi, kimejaa, na nilimwona akikitazama kisimwagike. Alikipeleka kwenye midomo ya Elieza, akamfuta kidevu, akachota kingine. Huko nje kukawa kimya.

Gari la wagonjwa lilifika Jumatatu adhuhuri. Kati ya kumi na wawili walioletwa zahanati, wanane walikuwa hai. Daktari aliyekuja nalo alinusa kikombe, akatazama madaftari ya vipimo vya Klaudia, akaagiza waendelee kunyweshwa vivyo hivyo njiani. Polisi walikuja kwa gari la pili. Waliwachukua watu sita kwa kifo cha Gamaliel, na wanne wao walifungwa. Walimchukua na Protase kwa kosa la kukutwa na pombe haramu. Alikaa mahabusu siku kumi na tisa, na aliachiwa baada ya yule daktari kuandika barua akieleza gongo ile ilifanya kazi gani kwenye ini la mtu. Hakimu, tulivyosikia, aliisoma mara mbili.

Celina alitujengea aibu ya kudumu kwa kutoshtaki mtu. Tulimwezekea nyumba, hakulala humo hata siku moja. Alihamia kwa binti yake Izigo. Protase alimfuata huko mara kadhaa kuutazama ule mkono. Mara ya kwanza alimfungia mlango. Mara ya pili alimpa kiti nje. Sijui zaidi ya hapo, kwa kuwa Protase hakusimulia.

Hakunywa tena, lakini aliacha kuwashona walevi bila ganzi. Wakati wa vita vya Amini alipelekwa mpakani Kyaka kutibu majeruhi, akarudi amekonda, nywele zimeingia mvi.

Wawili kati ya wale wanane hawakurudishiwa macho yao, na mmoja alikuwa Elieza. Alijifunza kusuka mikeka. Aliishi nyumba ya tatu kutoka zahanati, na Protase alimpitia karibu kila siku. Kwa miaka minne hawakumtaja Gamaliel. Kisha siku moja, mwezi ule ule Protase aliporudi kutoka Kyaka, tukiwa tumeketi watatu kwenye baraza ya zahanati wakati wa mvua, Elieza aliuliza bila kuacha kusuka kama siku ile alimsikia kaka yake akiita.

"Nilimsikia," Protase akasema. "Aliniita mara mbili."

"Na hukutoka."

"Nilikuwa nakunywesha wewe. Na sikutaka kutoka."

Elieza alisuka mstari mzima hadi mwisho. Mvua ilipopungua alisema anataka kwenda kwake, akanyoosha mkono, na Protase akaushika wakaondoka pamoja, wakikwepa madimbwi. Wiki nzima Elieza hakuonekana zahanati. Wiki iliyofuata alikuja na mkeka, akaomba dawa ya kikohozi, akakaa mpaka jioni.